Marufuku ya Kuvuma

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba za makuti na majirani wa kuteta nao, Kuchakulo alikuwa fundi wa kusuka mikeka. Wimbo ndio uliomwongoza mkono: akivuma mara mbili, anapitisha utepe wa mwaa mwekundu, akivuma mara tatu, mwaa mweusi. Wimbo ukikatika, nakshi imepotea.

Siku moja Ndovu, jumbe wa mji, akapiga mbiu: "Marufuku kuvuma! Atakayevuma naiponda nyumba yake!"

Sababu hakutoa. Wakubwa wa namna ile hawatoi sababu.

Mji ukanyamaza ji! Mikeka yote ikawa myeupe pepepe.

"Shoga, mbona huimbi siku hizi?" Kuchakulo akamwuliza jirani yake, Bi Nyati.

"Aa, nimeacha mwenyewe tu. Kuimba ni utoto."

"Na mbona unanong'ona?"

Bi Nyati akaingia ndani, akafunga mlango.

Kuchakulo alikasirika sana. Binti yake anaolewa Ijumaa, na mkeka wa bi harusi usio na nakshi ni aibu ya ukoo mzima! Naye aliogopa, msidhani hakuogopa. Lakini akakaa, akashika miyaa, akavuma: "Mmm-mmm! Mmm-mmm-mmm!"

Puu! Puu! Puu! Ndovu huyo, mlangoni.

"Nani anavuma?"

Kuchakulo akamkazia macho. Mkonga ameukunja, masikio yanapepea. Lo! Hiyo si hasira.

"Ni wewe," Ndovu akauliza kwa sauti ndogo, "au ni wale?"

"Wale gani, Jumbe?"

"Wale... wenye miiba!"

Kumbe! Kuchakulo akakimbilia chumba cha ndani, akachomeka kichwa ndani ya mtungi: "Vuuuuuum!" Mtungi ukaitika nyumba nzima. Akachomoa kichwa, akapaza sauti:

"Nyuki, Jumbe! Wamejaa tele! Haya, ponda nyumba, watoke wakusalimie!"

"Mama yangu wee!"

Ndovu akatimka, kishindo kwa kishindo, hata akavuka mto, na huko ng'ambo ndiko alikohamia.

Bi Nyati akaja mbio, akachungulia mtungini. "Mbona hamna kitu?"

"Hicho hicho kisichokuwemo, shoga, ndicho kilichotunyamazisha."

Bi Nyati akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akavuma, kwa sauti yake nene ya kukwaruza, wala hakumwomba mtu ruhusa. Ijumaa mkeka ukatandikwa, mwekundu na mweusi, mji mzima ukivuma.

Basi, wajukuu zangu, anayewakataza kuimba, mwulizeni kwanza yeye anaogopa nini.