Mkono Uliofua Bati

Kisa hiki alikitoa kwanza mama yetu mkubwa, Nakiete Mchome, mwinjilisti wa Same, mbele ya watu wazima waliokaa matangani mwaka 2009.

Mtu mmoja mjini Moshi alikuwa na karakana. Humo alifufua gari la Kiingereza la zamani, la milango miwili na pua ndefu, lile lililobuniwa ili tajiri asafiri mbali bila kuchoka. Aliliunda upya lote, akatangaza kwamba hakuna mashine iliyogusa bodi. Hapo alisema kweli. Lakini aliyelifua bati ni Senzia, fundi wa miaka sitini. Kwa miaka miwili aliigonga alumini juu ya mfuko wa mchanga, kisha akaipapasa kwa kiganja, macho ameyafumba, maana jicho hudanganywa na mng'ao. Nyundo ilikuwa imekwisha kumla masikio.

Desturi ya wafua bati ni kwamba anayemaliza bodi huchora jina lake ndani ya mlango, kabla haujavikwa ngozi. Senzia naye alilichora lake; hakutaka heshima nyingine. Hakuwa na mtoto. Jina lake lingebaki mlangoni humo tu.

Mwenye karakana alipima, akakuta madigadi ya kushoto imeizidi ya kulia kwa unene wa kucha. Akamsogelea fundi, akapaza sauti ili na wengine wasikie: "Mzee, ulikuwa unagonga huku unasinzia?" Wakacheka. Akamkabidhi tupa. "Futa jina lako. Kosa halitiwi sahihi."

Senzia akalifuta, kwa mkono uleule.

Siku ya kulionyesha gari alifika mgeni mzee, aliyewahi kuendesha la namna hiyo ujanani. Akazipapasa madigadi zote mbili, akatabasamu. "Hazilingani. Ndipo najua lilifuliwa na mtu. Mkono wa nani huu?"

Senzia alikuwa hatua tatu nyuma, ameshika kitambaa cha kufutia vumbi. Swali hakulisikia. Alichoona ni bwana wake akiinua mkono laini usio na kovu, na midomo ikitamka: "Wangu." Mafundi wote walikuwepo, wote walijua. Wakapiga makofi.

Senzia alifariki mwaka 2012, na mama mkubwa miaka mitatu baadaye. Mwenye karakana yu hai, na kila harusi hupewa kiti cha mbele. Waliopiga makofi nao wengi wao wako hai: tuwaite mashahidi, au wezi?