Tuone na Chakula Chekundu

— Mpo?
— Tupo!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
— Na midomo?
— Tumeifunga!

Mmeifunga wapi, na mimi nasikia mtu anatafuna karanga hapo nyuma! Haya, tafuna polepole. Hadithi yangu haipendi kelele.

Zamani za zamani, wakati watu na wanyama walipokuwa wakisemezana, alikuwako mkulima mmoja jina lake Ngumbao. Mkewe aliitwa Mbodze. Na mbwa wao aliitwa Tuone.

Walikuwa na shamba la mahindi, na mbegu ya mahindi hayo Mbodze aliletewa na mama yake. Punje zake nyeupe, gunzi lake jekundu. Nchi nzima hapakuwa na mwingine mwenye mahindi ya gunzi jekundu. Ng'ambo ya shamba palikuwa na majabali, na kwenye majabali waliishi nyani. Nyani na mahindi mnajua wenyewe. Lakini Tuone alikuwa akilinda. Nyani akishuka, Tuone huyo! Nyani akirudi, Tuone huyo! Nyani akijificha, Tuone huyo! Mwaka baada ya mwaka, ghala lilijaa.

Sasa binti yao Sidi alijifungua huko alikoolewa. Mbodze akafunga mzigo wake aende kumwuguza siku arobaini, kama ilivyo ada.

Akasema, "Baba Sidi, mbwa umlishe vizuri."

"Vizuri ni vipi?"

Lo! Mama wa watu alikuwa keshafika njiani. Hakusikia.

Basi Ngumbao akabaki na mbwa, na hakujua mbwa anakula nini. Miaka yote hiyo hakuwahi kuchungulia bakuli lake. Msicheke, wapo wengi hapa hawajui hata watoto wao wanakula nini.

Siku ya tatu, Tuone akiwa shambani, Ngumbao akasikia, "Hodi wenyewe!"

"Karibu!"

Akaingia bwana mmoja amevaa koti refu mpaka kwenye visigino, kofia ya pama imemfunika mpaka kwenye nyusi, na miwani myeusi. Begani ana gunia. Nawaambia ninyi mapema, maana Ngumbao hakuwa na wa kumwambia: alikuwa nyani. Nyani mzee, mjanja, amekunja mkia wake ndani ya koti.

"Bwana mkubwa," akasema nyani, "nimesikia una mbwa. Mimi nauza chakula cha mbwa. Si makombo, si ukoko wa sufuria. Chakula chenyewe! Hebu tazama rangi."

Akafungua gunia. Unga mwekundu.

"Unaona wekundu huo? Nyama tupu, imekaushwa ikasagwa. Mpe sinia asubuhi, sinia mchana, sinia jioni. Ukitaka kujua ameshiba, mpapase tumbo. Tumbo likijaa, mbwa yuko sawa."

"Bei yake?"

"Mimi na wewe tusemezane bei? Nipe kikapu cha mahindi mabichi tu."

Ngumbao akafurahi. Akajaza kikapu mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, akamsindikiza mgeni mpaka njiani.

Tuone akala. Sinia asubuhi, sinia mchana, sinia jioni. Tumbo likajaa, likavimba, likaning'inia. Lakini miguu ikawa myembamba na manyoya yakaanza kudondoka.

Tuone akaenda kwa bwana wake. "Bwana, nina njaa."

Ngumbao akampiga tumboni: du, du, du! "Na tumbo hili? Umeshiba."

Siku zikapita. Nyani wakashuka shambani. Tuone akainuka, akakimbia hatua nne, akakaa. Akaenda kwa bwana wake. "Bwana, miguu inatetemeka."

Du, du, du! "Umeshiba."

Siku zikapita. Nyani sasa wanakula wamekaa, wanapokezana mahindi, wengine wanaimba. Tuone akajikokota mpaka mlangoni. "Bwana, macho yangu yanaingia giza."

Du, du, du! "Umeshiba, mvivu mkubwa we! Chakula cha gunia zima kila wiki, halafu nyani wanamaliza shamba! Mbwa asiyelinda wa nini? Mama Sidi akirudi tu, nakupeleka msituni nikuache huko."

Tuone akanyamaza. Tangu siku ile hakusema tena.

Siku ya arobaini Mbodze akarudi. Akaona shamba, nusu limeisha. Akaona mbwa. Aliweka mzigo chini akalia, jamani, kabla hata ya kuvua viatu.

"Baba Sidi, umemfanya nini mbwa?"

"Nimemlisha nyama! Nyama kila siku! Mwenyewe hataki kazi."

"Niletee hiyo nyama."

Ngumbao akaleta gunia la sita, akajisifu kwamba mzee mwenye koti humletea moja kila wiki kwa kikapu cha mahindi tu. Mbodze hakuonja, hakunusa, hakuuliza habari za muuzaji. Alichukua ungo. Akamimina unga ule kwenye ungo, akasimama uani upepo unakotoka, akapepeta.

Pe, pe, pe! Unga ukaruka.
Pe, pe, pe! Unga ukaruka.
Pe, pe, pe! Ungo mtupu.

"Mume wangu, nyama gani hii inayopeperuka?"

Ngumbao akachungulia ungo.

Mbodze akainama, akaokota kipande kimoja kilichobaki ukingoni mwa ungo, hakikusagika vizuri. Akakigeuza. Akakitambua. Gunzi jekundu.

"Haya ni magunzi ya mahindi yetu," akasema. "Mtu amekula mahindi yangu, akasaga magunzi, akakuletea wewe umlishe mbwa anayelinda mahindi. Na wewe ukamjazia kikapu."

Jamani, kuna mwanamume anayependa kuambiwa neno hilo na mkewe? Ngumbao akapandisha sauti. "Mzee wa watu na koti lake! Unamjua wewe? Mbwa ni mvivu basi. Kesho nampeleka msituni."

"Nipe siku saba nimlishe mimi."

"Saba tu. Na tumbo lake nitalipapasa kila siku!"

Mbodze akawasha moto. Akasonga sima, laini, akaichanganya na dagaa waliochemshwa, akawachambua kichwa kwa kichwa asiachie mchanga. Siku ya pili akatia yai. Siku ya tatu jirani alichinja mbuzi, akaenda kuomba maini. Kitunguu hakutia. Chumvi hakutia. Mifupa ya kuku, ile inayovunjika ikachoma koo, hakumpa. Na hakumpa sinia. Alimpa bakuli dogo asubuhi, bakuli dogo jioni, akakaa naye mpaka amalize.

Ngumbao akatazama dagaa wale. "Na mimi nile nini?"

"Lile gunia la sita lipo," akasema Mbodze.

Siku ya nne macho ya Tuone yakang'aa. Siku ya tano akasimama bila kuyumba. Siku ya sita akazunguka shamba mara moja, akarudi akihema, mkia juu. Lakini tumbo! Tumbo lilikuwa limepungua, limeingia ndani.

Asubuhi ya siku ya saba Ngumbao akapapasa. Hakuna du, wala du, wala du.

"Umemkondesha!" akapiga kelele. "Tumbo liko wapi? Siku saba zimekwisha!" Akachukua kamba, akamfunga Tuone shingoni.

"Baba Sidi, tumbo halifukuzi nyani. Miguu ndiyo inayofukuza."

"Zimekwisha, nimesema!"

Akaanza kumvuta. Tuone hakubisha. Alimfuata bwana wake mpaka kwenye uzio, na Mbodze nyuma yao, kanga mdomoni. Hapo wakasikia, "Hodi wenyewe!"

Koti refu. Kofia ya pama. Miwani myeusi. Gunia begani.

"Karibu mzee!" akasema Ngumbao. "Njoo umwambie mke wangu..."

Hakumaliza. Kamba ilimtoka mkononi. Tuone aliruka mara moja tu, akadaka koti kwa nyuma, chaa! Likapasuka juu mpaka chini. Na mkia ule, mrefu, wa nyani mzee, ukaning'inia hadharani.

Nyani akatupa gunia akakimbia. Akatupa kofia akakimbia. Akatupa miwani akakimbia. Na Tuone nyuma yake, akampitisha shambani, akamkusanya na wale wengine waliokuwa wamekaa wanakula, akawapandisha wote majabali, akawashusha ng'ambo ya pili. Msimu ule hawakuonekana tena, na nusu ya mahindi iliyobaki ikavunwa salama.

Jioni Tuone akarudi, ulimi nje, akalala kizingitini. Ngumbao akaja akachuchumaa mbele yake. Alikuwa na haya, hata kumtazama alishindwa.

"Tuone, nisamehe. Uliniambia mara tatu, nikakupiga tumboni mara tatu. Sema tena. Leo nasikiliza."

Tuone akamtazama.

"Sema basi, mwanangu. Neno moja tu."

Tuone akamtazama.

Mbodze akasema, "Usimsumbue. Yeye alishasema yake. Sasa kujua ni kazi yako."

Basi Ngumbao akajifunza. Akajifunza kupapasa mbavu, kuchungulia fizi, kutazama manyoya kama yanang'aa. Akajifunza kuchambua dagaa. Kila jioni alipokuwa akiweka bakuli chini alisubiri kidogo, labda leo. Tuone hakusema. Watoto wa Tuone nao hawakusema, wala wajukuu zake. Ndiyo maana mpaka leo, umpe mbwa wako chakula kizuri, umpe kibaya, hatakuambia. Atakula, kwa kuwa hana kingine. Kisha atainua macho akutazame.

Haya, hadithi imefika mlangoni kwake.
— Imefika!
Imebisha hodi.
— Imefunguliwa!
Aliyesikia aende nayo kwake, aliyesinzia amwulize jirani. Na wewe mwenye karanga, hayo maganda uyaokote.