Mwiba wa Kutundikia Picha ya Mama

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge, mmenyimwa ubwabwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hivyo ndivyo. Hapo kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba za udongo na kualikana uji, alikuwepo Nungunungu, binti mpole aliyefiwa na mama yake. Alimkumbuka mno. Akamwendea Kinyonga, fundi wa rangi, naye akamchorea uso wa mama kwenye gome la mti: anacheka, na pengo lake mbele. Nungunungu alitaka jambo moja tu: kila akiamka, amwone mama anacheka.

Msumari hakuwa nao. Akashika mwiba mmoja mgongoni mwake, akauvuta. Uwii! Akaupigilia ukutani kwa jiwe, akaitundika picha kando ya kitanda.

Akaja Twiga. Kichwa kikapenya chini ya paa, mwili ukabaki nje.

"Shoga, picha gani hii ya magotini? Ipandishe! Juu! Juu! Juu kabisa!"

Nungunungu akaona haya kumkatalia mgeni. Mwiba wa kwanza ulikuwa umeng'ang'ania ukutani, hautoki. Akavuta mwiba. Uwii! Akaipandisha hadi kwenye boriti.

Kesho yake akaja Mzee Kobe. Akatazama juu mpaka shingo ikamuuma.

"Mwanangu, nimekuja kumwona marehemu au kukagua paa? Ishushe! Chini! Chini! Chini kabisa!"

Akavuta mwiba. Uwii! Akaishusha hadi karibu na sakafu, sisimizi wakaanza kumpandia mama puani.

Mara akaingia Popo, akaning'inia darini kama kawaida yake.

"Ala! Dada, mama wa watu umemtundika kichwa chini? Aibu! Mgeuze! Mgeuze! Mgeuze upesi!"

Na kumgeuza kukataka miiba miwili. Uwii! Uwii!

Asubuhi Nungunungu akafumbua macho. Lo! Kicheko kimepinduka, mama amenuna.

"Mama, umenikasirikia?" Akalia, jamani, akalia kweli kweli. "Basi una haki."

Akajifuta machozi. Akavuta mwiba mnene wa katikati, ule unaouma kuliko yote. Uwiiii! Akamrudisha mama pale pale pa kwanza, kando ya kitanda, kichwa juu.

Jioni wageni wote wakafika.

"Juu!" akasema Twiga.

"Chini!" akasema Kobe.

"Mgeuze!" akasema Popo.

Nungunungu akawamiminia uji, taratibu.

"Hewala, wapendwa wangu. Nitaihamishia popote mtakapo. Ila msumari autoe anayeshauri, mgongoni mwake mwenyewe."

Twiga akajitazama mgongoni: laini. Kobe akagonga gamba lake: ko! ko! Popo akakumbuka kuna pera linamsubiri, akaruka zake. Waliobaki wakanywa uji, wakasema ni mtamu.

Nungunungu akalala. Alipoamka, mama anacheka.

Basi wanangu, ukutani kwako tundika unachotaka kukiona wewe. Mgeni atakunywa uji, ataondoka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe. Na mimi juzi nilipita pale kwake. Nikaona picha imepinda kidogo, nikafungua mdomo niseme. Nikajipapasa mgongoni, nikaomba uji.