Mkono Aliouzoea Kinyonga

Methali isemayo "Usione vyaelea, vimeundwa" huwaonya wanaotamani mavuno ya mwenzao bila kuuliza jembe lilishikwa vipi. Fundi cherehani mmoja aliijua tangu shuleni, hata aliwahi kuiandikia insha nzuri. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuisikia moyoni ni jingine.

Fundi huyo aliishi na mama yake na mdogo wake wa kike. Mama alikuwa amepatwa na kiharusi, akawa anashinda kwenye kiti karibu na dirisha. Fundi ndiye aliyemwogesha, akampikia na kumkanda mguu, kisha akarudi kushona sare za shule katika sebule hiyo hiyo. Mama alimshukuru sana, lakini hakucheka. Kicheko chake kilingoja jioni, mdogo mtu arudi kutoka kitalu cha miche alikofanya kazi na kufungua kizimba cha wavu kilichokuwa dirishani. Humo aliishi kinyonga aliyeokotwa kitaluni akiwa mgonjwa. Kwa mwendo wake wa maringo, walimwita Mheshimiwa.

Jioni moja mdogo mtu alishika nyenje mmoja kwa ncha za vidole, akautuliza mkono kama tawi. Mheshimiwa alizungusha jicho moja, kisha la pili, akauparamia mkono huo taratibu. Ulimi ukafyatuka kama mshale, nyenje akatoweka.

"Haa! Mmemwona?" Mama alicheka hadi machozi yakamtoka.

Fundi aliinamia cherehani yake, wivu ukimkereketa kooni kama pilipili. "Mgongo unaombeba Mama ni wangu," aliwaza, "anayechekewa ni mwenye wadudu!"

"Hivi hao nyenje nao unawalisha karoti na mboga?" aliuliza kwa kejeli. "Au niwashonee na sare?"

"Wakila vizuri wao, naye anapata afya, Dada," mdogo alijibu kwa upole. "Na nyenje mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake simpi. Atamkwama."

"Haya, daktari wa nyenje!"

Kesho yake mchana, mdogo akiwa kazini, fundi alichukua kopo la nyenje akafungua kizimba.

"Mama, tazama. Leo namlisha mimi."

Aliingiza mkono upesi, kama anavyosukuma kitambaa chini ya sindano. Mheshimiwa akageuka mweusi, akavimba, akaachama na kufoka.

"Taratibu, mwanangu, unamtisha."

Akajaribu tena. Kinyonga akampa kisogo.

"Basi mwache," Mama alisema. "Atakula mwenyewe wake akirudi."

Neno hilo, "mwenyewe", lilimchoma fundi kama sindano chini ya ukucha. Alimimina kopo zima kizimbani. "Kula basi, upasuke!" akanong'ona, akafunga mlango, akarudi kukanyaga cherehani kwa kishindo. Mama akasinzia.

Jioni mdogo mtu alipofungua kizimba, alipiga ukelele. Mheshimiwa alikuwa amelala chini, amepauka, nyenje wakimtambaa mwilini. Walikuwa wamekosa cha kula, wakaanza kumtafuna yeye. Vidole vilivuja damu na ukope mmoja ulikuwa umeraruka.

"Nani kawaweka wote? Mimi huweka wachache, na wanaobaki huwatoa!"

"Labda kopo lilianguka," fundi alisema.

Mama alimtazama. Alimtazama tu, mpaka fundi akaona afadhali angetukanwa.

"Ni mimi," akasema. "Nilitaka Mama acheke na mimi."

Mdogo mtu aliwaokota nyenje mmoja mmoja, akamfunika Mheshimiwa kwa kitambaa laini, akamkimbiza kwa daktari wa mifugo huku akilia.

Kinyonga alipona, lakini jicho lenye ukope ulioraruka halikufunguka tena, na kila mkono ukawa adui kwake. Mdogo mtu akaanza upya. Kila jioni alisimama mbele ya kizimba mkono ameunyoosha, na Mheshimiwa hakumjali.

"Atakuzoea lini tena?" fundi aliuliza kwa aibu.

"Sijui, Dada. Kwanza nauzoeza mkono wangu kutulia."

Mama akavuta pumzi. "Mwanangu, ulidhani ni bahati? Hata mwanzo mdogo wako alisimama hivyo hivyo mpaka mkono ukafa ganzi. Wewe ulikuwa unapita hapo na ndoo, ukamwuliza kama ameajiriwa kuwa kigingi cha kuanikia nguo."

Fundi alikumbuka. Alikumbuka hata namna alivyocheka. Alisogea, akasimama kando ya mdogo wake, akaunyoosha mkono wake pia. Ulitetemeka. Mheshimiwa hakugeuka.

Usione vyaelea, vimeundwa. Na fundi huyu alipita pale pale vilipokuwa vikiundwa, akaicheka nyundo.