Ua Lililoota Mgongoni kwa Kobe

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo pakawa? Mmeitika kama watu waliomeza ugali mkavu. Paukwa!

Pakawa!

Afadhali. Leo nimechoka, wajukuu zangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mnapukuchua mahindi kumbe masikio yote yako huku. Nimelima tangu alfajiri, ardhi ngumu, jembe linaruka. Kwa hiyo nitasimulia nimelala ubavu. Atakayesinzia asinzie, lakini asikorome.

Kwanza niulize. Nani kati yenu amewahi kuliona ua la mkuyu? Makuyu tunayala. Majani tunayajua. Ua je? Kimya. Hata wewe shemeji hujaliona, usitikise kichwa. Basi wako watu wa mbali, wafuasi wa Buda, nao wana mti wa jamii ya mkuyu. Wanasimulia kwamba ua lake huchanua mara moja tu katika miaka elfu tatu, na likichanua, ulimwengu umepata mfalme wa haki. Wapo wanaoapa kwamba wameliona. Wapo wanaowacheka. Mimi ugomvi wao simo. Nina habari ya Kobe tu.

Hapo zamani za kale, wanyama wa nyika moja nao walikuwa na neno kama hilo. Walilipokea kwa babu zao, na babu zao kwa babu zao. Siku ua la mkuyu litakapoonekana, atakuja mfalme wa haki, na mvua itanyesha.

Mwaka huo mvua haikunyesha. Vuli ikapita kavu. Masika yakapita makavu. Mito ikakauka. Visima vikakauka. Likabaki dimbwi moja tu, nyuma ya kilima, na kila siku linapungua. Wanyama wanakwenda, wanakunywa, glu glu glu, wanarudi.

Kobe alikuwa amelala. Ukame ukizidi, Kobe hujifukia, akaingiza kichwa, akaingiza miguu, akalala. Alijifukia chini ya mkuyu kwenye majani makavu, juu likabaki gamba tu. Akalala, akalala, akalala. Siku moja akaamka. Koo kavu, ulimi umegandamana na kinywa.

"Nisipokunywa maji nitakufa," akasema Kobe. "Ngoja niende dimbwini."

Kwa Kobe huo ni mwendo wa kutwa nzima. Akatoa mguu wa kwanza.

"Simama!"

Alikuwa Bi Kanga, yule ndege mwenye madoadoa. Vifaranga wake wote walikufa kwa kiu mwaka ule, hakubaki hata mmoja. Tangu hapo alikuwa akizunguka nyikani kutwa, anatafuta, wala hajui anatafuta nini. Sasa macho yamemtoka, anautazama mgongo wa Kobe. Pale juu ya gamba vilikuwa vimesimama vijiua vyeupe, vidogo kuliko punje ya ulezi. Kila kimoja kimekaa juu ya kikonyo chembamba kama unywele. Upepo ukipita vinatikisika, tiki tiki tiki.

"Ke-kwe! Ke-kwe! Ke-kwe!" Bi Kanga akapiga kelele. "Njooni! Ua la mkuyu! Ua la mkuyu limechanua!"

Wakaja. Swala wakaja, pundamilia wakaja, tumbili wakaja. Nyati, mkubwa wao, akaja, puu, puu, puu. Wakatazama. Wakapiga magoti. Ngiri yeye amezoea kupiga magoti akila majani, lakini siku hiyo alipiga kwa imani.

"Jamani," akasema Kobe, "naomba njia. Nina kiu."

"Mmesikia?" akanguruma Nyati. "Ua limesema kwa kinywa cha Kobe! Ua lina kiu!"

Haya, mbio hadi dimbwini. Wakarudi na maji, huyu kinywani, huyu kwenye jani. Wakamimina juu ya ua, taratibu, tone, tone, tone. Maji yakateleza juu ya gamba. Yakashuka upande huu, yakashuka upande ule, ardhi ikayanywa yote. Kobe akanyoosha shingo ayafuate.

"Tulia, Kobe! Utatikisa ua!"

Akarudisha shingo.

Nini, Riziki? Eti kwa nini hakuwaambia kwamba kiu ni yake? Mwanangu, aliwaambia! "Mimi," alisema, "mimi Kobe, ndiye mwenye kiu." Nao wakaitikia kwa pamoja, "Amina," wakaenda kuliletea ua maji mengine. Mtu akishaamua wewe ni mtakatifu, kukusikia ni kazi.

Siku ya pili akafika Nyegere. Nyegere haamini kitu chochote isipokuwa asali. Akapenya katikati ya wanyama waliopiga magoti, akaweka pua juu ya gamba, akanusa, fu fu fu. Akacheka hadi akakaa chini.

"Ua gani hili? Haya ni mayai!"

"Kufuru!" wakasema.

"Si kufuru, ni mayai. Kuna mdudu wa kijani, mabawa yake ukiyatazama unaona hadi ng'ambo. Anataga juu ya uzi ili sisimizi wasiyafikie. Nimeyaona kwenye majani nikitafuta asali, tena si mara moja."

Bi Kanga akasogea mbele. "Bwana Nyegere, mayai mimi nayajua. Nimeyataga, nimeyalalia. Yai halisimami juu ya unywele."

"Lako halisimami. La mdudu linasimama."

Hapo ndipo nyika ilipogawanyika. Fisi na tumbili wakaenda upande wa Nyegere. Nyati, swala na pundamilia wakabaki upande wa Bi Kanga. Hawa wakasimama upande huu wa Kobe, wale wakasimama upande ule. Wakaanza.

"Ua!"

"Mayai!"

"Ua!"

"Mayai!"

Vumbi likatimka, likamwingia Kobe machoni. Ile methali ya fahari wawili na nyasi mnaijua, sitaitamka, nimechoka.

"Jamani," akasema Kobe, "liwe ua, yawe mayai, mimi nina kiu. Niacheni niende dimbwini. Au nileteeni funda moja tu."

Nyegere akageuka. "Ahaa! Sasa nimeelewa! Kumbe mchezo ni wako. Umepanga na Bi Kanga uletewe maji ukiwa umekaa kitako. Mjanja wewe! Hupati hata tone mpaka ukiri kwamba ni mayai."

"Sijui kama ni mayai."

"Basi hunywi."

"Na ukikiri kwamba ni mayai," akasema Nyati, "nitakukanyaga."

Kobe akatazama huku. Akatazama kule. Akaingiza kichwa ndani ya gamba, akakaa huko peke yake na kiu yake. Hapa ndipo hadithi hii inaponichosha. Nimeisimulia miaka na miaka, na kila nikifika hapa natamani kuingia ndani yake na kata ya maji.

Mchana mmoja, jua kali, wote wamelala usingizi kivulini. Kobe akatoa mguu. Akatoa mwingine. Kwata. Kwata. Kwata. Hajafika hata nje ya kivuli cha mkuyu, Ngiri akafumbua jicho.

"Ua linatoroka!"

Wakamrudisha. Wakamzungushia magogo pande zote, wakasema ni kwa heshima yake.

"Subira huvuta heri, Kobe," akasema Nyati. "Wangapi wangependa kubeba heshima hii?"

"Mheshimiwa Nyati," akasema Kobe, "basi njoo nikutwike wewe."

Nyati akakohoa. Akasema mgongo wake una vumbi.

Sasa huyu Bi Kanga. Msimchukie. Wengine walileta maji siku za kwanza, halafu wakachoka. Maana kuamini kwa kelele ni rahisi, kutembea juani ndiyo kazi. Bi Kanga hakuchoka. Kila asubuhi alikwenda dimbwini, akajaza mdomo, akarudi nao umejaa, wala hamezi, na koo lake mwenyewe kavu. Akapanda juu ya gogo. Akamimina juu ya ua, tone, tone, tone. Halafu akaomba.

"Ua la haki, mvua inyeshe. Wangu hawatarudi, najua. Wa wenzangu wapone."

Kobe alimsikia kutoka ndani ya gamba. Alitaka kumkasirikia, akashindwa.

"Bi Kanga," alimwambia, "nina kiu."

"Ndiyo, ua takatifu," akajibu Bi Kanga, na kesho yake akaleta tena.

Ikafika siku Kobe hakusema tena. Sauti ilikuwa haitoki.

Asubuhi moja wamesimama pale pale, wanabishana vile vile, mara: tp! Kijiua kimoja kimepasuka. Kimetoka kidudu, kidogo, kina miguu, kina taya. Kikajinyoosha. Kikashuka kwenye uzi wake kichwa chini. Tp! Kingine. Tp! Tp! Tp! Vyote vikashuka. Vikatembea juu ya gamba, vikapita kwenye magogo, vikatokomea kwenye majani kutafuta chakula.

Nyegere akaruka juu. "Nilisema! Nilisema! Mayai, mayai, mayai!" Akagaagaa chini kwa furaha.

Mnafikiri wale wengine walikubali? Ngojeni.

"Ua limeota miguu!" akanguruma Nyati. "Hii ni ajabu kuliko ile ya kwanza! Linakwenda kumwita mfalme!"

"Mayai!"

"Ua lenye miguu!"

"Mayai!"

Wakabishana hadi makoo yakakauka. Wakaondoka wote kwenda dimbwini, walowanishe makoo wapate kubishana vizuri. Huyo amekwenda, huyo amekwenda. Chini ya mkuyu akabaki Kobe ndani ya magogo, na mgongoni kwake nyuzi tupu.

Bi Kanga akafika. Siku hiyo alichelewa, maana maji yalikuwa yamerudi nyuma, ikabidi apite kwenye tope hadi katikati ya dimbwi. Mdomo umejaa. Akapanda juu ya gogo. Akatazama. Ua hakuna.

Alitaka kulia, lakini huwezi kulia mdomo ukiwa umejaa maji. Akasimama. Ayamimine wapi? Ayameze? Koo lake liliyataka, niwaambie kweli. Akainamisha kichwa ameze. Na kwa kuwa juu hapakuwa na kitu tena cha kutazama, macho yake yakashuka chini.

Akaiona shingo ya Kobe. Imetoka nje, imelala mchangani. Macho yamefumbwa kwa vumbi. Mdomo wazi kidogo, ulimi mweupe.

Bi Kanga akashuka kwenye gogo. Akainama. Tone likaanguka kwenye ule ulimi. Ulimi haukutikisika. Tone la pili. La tatu. Shingo ikajongea. Kobe akameza.

Bi Kanga akampa yote. Ndipo akapata mdomo wa kusemea.

"Kumbe ni wewe uliyekuwa na kiu?"

"Nilisema," akasema Kobe.

"Ulisema," akasema Bi Kanga. "Mimi nilikuwa napita na maji juu ya kichwa chako. Kila siku."

"Najua. Nilikuwa nayasikia yakipita."

Bi Kanga akalia hapo, mwisho wa kulia. Aliwalilia vifaranga wake, na alimlilia Kobe, na alijililia mwenyewe. Halafu akaacha, maana kulia hakutoi gogo njiani. Akapekua mchanga kwa miguu yake, paru paru paru, akafukua chini ya gogo, Kobe akapita.

Wakaanza safari. Kobe akatembea, kwata, kwata. Bi Kanga akaruka mbele hadi dimbwini, akarudi na funda, akampa. Akaruka tena, akarudi, akampa. Hivyo hivyo, kutwa nzima, hadi jua likapoa.

Dimbwini wakawakuta wote. Maji yamebaki kama ya kunawa mikono tu, mengine tope. Na ubishi ndio kwanza umekolea.

"Shahidi huyo!" akasema Nyegere. "Haya, tumalize. Kobe, wewe ndiye uliyebeba. Waambie hawa wajinga. Mayai, au si mayai?"

"Sema kweli, Kobe," akasema Nyati. "Ua, au si ua?"

Kobe alipita katikati yao, akaingia topeni, akazamisha mdomo. Akanywa. Wakangoja. Akapumua, akanywa tena. Wakangoja. Mwishowe akainua kichwa, tope linamdondoka puani.

"Mimi sikuona," akasema. "Lilikuwa mgongoni kwangu. Kobe haoni mgongo wake. Nyinyi ndio mlioliona."

"Ala!" akasema Nyegere. "Siku zote hizo umekaa pale, wewe uliona nini?"

"Niliona miguu yenu," akasema Kobe. Akarudisha mdomo majini.

Nyati alizitazama kwato zake. Nyegere, msema kweli, ambaye tangu mwanzo alikuwa amepata, alitazama makucha yake.

Na mvua je? Mvua ilinyesha iliponyesha. Msiniulize ilikuja kwa sababu ya nini, mtanianzishia ubishi hapa na mgongo unaniuma.

Shikeni hili tu. Ukikuta watu wanagombania jambo kubwa, chungulia chini yake, huenda kuna mtu amelibeba. Kabla hujauliza ua ni la kweli au la uongo, muulize yeye kama ana kiu. Na akikujibu, msikie.

Hadithi yangu imeishia hapo, na nguvu zangu nazo zimeishia hapo hapo. Mwenye kutaka kubisha akabishe nje.