Jiwe Lililokubali Kuyeyuka

Alikuwapo fundi mmoja wa maabara, ndugu zangu, ambaye hakuwa na uso wa kurudi kijijini kwao. Pampu ya kisima cha kijiji aliifunga yeye mwenyewe, kwa nia njema kabisa. Tangi la dizeli la pampu hiyo likatoboka chini bila mtu kujua, na asubuhi moja wanawake wakateka maji yenye rangi rangi za mafuta. Hakuna aliyemtukana. Mama yake alichukua ndoo akaanza kufuata maji kijiji cha pili, akikipita kisima kile bila kugeuza shingo. Je, hamuoni kwamba afadhali angetukanwa?

Akaanza kutafuta dawa. Alikuwa amesoma habari za kitu kiitwacho grafini. Ni makaa, lakini makaa yaliyolala kama utando mmoja mwembamba kuliko chochote ukijuacho, na ukiupata utando huo kwa umbo la sifongo, hunywa mafuta na kuyaacha maji. Kazi ni kuupata. Wenye uwezo huuotesha juu ya shaba na nikeli. Yeye alikuwa na mawe ya matumbawe ya machimboni, yale yale ya kuchomea chokaa, yenye vitundu visivyohesabika, pamoja na gesi ya samadi kutoka zizi la chuo alikofanya kazi. Jiwe lile ukiliweka katika tanuri lililofungwa, ukalipitishia gesi, makaa yaliyomo ndani ya gesi hujipaka kwenye kuta za kila kitundu. Jiwe linakuwa kalibu tu, la kuupa utando umbo.

Chuo kilimwachia tanuri kwa wiki moja. Katika wiki hiyo yalitoka mawe matatu yaliyopakwa sawasawa, meusi, mazuri kuyatazama. La kwanza akalikwangua kwa wembe ili autoe ule utando, akapata masizi. La pili akalipasua kwa nyundo taratibu, akapata vumbi. Likabaki moja.

Siku ya kurudisha tanuri, mama mchoma chokaa aliyekuwa akimletea mawe alikuja kuchukua magunia yake. Akamkuta amekaa, jiwe mapajani.

"Mwalimu, mbona umelipakata kama mwana mchanga?"

"Limebaki hili tu, mama. Inatakiwa nilitie kwenye asidi, jiwe liliwe lote."

"Sasa si utie?"

"Jiwe likiondoka, huo utando utashikwa na nini? Pumzi tu inaupeperusha."

Mama akaketi juu ya magunia yake. "Hayo ya utando siyajui. Mimi najua chokaa. Miaka ishirini nachoma mawe, sijaona jiwe lililotoka chokaa likabaki kuwa jiwe. Yale mawili uliyoyahurumia yako wapi?"

Fundi akaonyesha ndoo ya taka kwa kidevu.

"Basi huruma yako imekwisha kuua mawili. Tia hilo, mwanangu. Likiharibika tutalia wote, leo sina haraka."

Tusimcheke. Vitabu vilikuwa vimemwambia tangu mwanzo kwamba jiwe lazima liondoke. Alijua. Lakini kujua ni kazi ya kichwa, na kuachia ni kazi ya mkono, na mkono huchelewa.

Akalitia. Likatoa povu, likachemka kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Jiwe likapungua, likapungua, mpaka fundi akafumba macho. Mama ndiye aliyeona kwanza.

"Fumbua. Kuna kitu kinaelea."

Kilikuwa cheusi, chepesi kama pamba, kimesimama chenyewe. Na kila kitundu cha jiwe kilikuwamo, kwa mpangilio ule ule, hata ufa mdogo wa pembeni ulikuwamo. Jiwe halikuwapo, lakini hakuna lilichokisahau kumwachia mwenzake. Wakakiosha, wakakikausha, wakakiweka juu ya bakuli la maji yenye dizeli. Kikanywa mafuta yote. Maji yakabaki kimya, meupe.

Fundi akakaa sakafuni akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu msimu uliopita.

"Alhamdulillahi," mama akasema. "Ila jiwe langu zuri umelila." Akabeba magunia yake. Fundi naye akaanza kufungasha, safari ya kwao.

Sasa, ndugu zangu, najua mnachongoja. Mnangoja niseme kwamba sisi ni yule fundi, tuwe na subira. Wengine mmekwisha kujiona kuwa ule utando unaosafisha maji.

Hapana. Sisi ni jiwe.

Wewe baba ambaye mwanao ana miaka thelathini na bado unamchagulia kazi. Wewe mama unayempigia simu binti yako kwa mumewe mara tano kwa siku kumuuliza kama chumvi imekolea. Na mimi, ninayesimama hapa kila wiki wakati kuna vijana wanaoisoma dini vizuri kuliko nilivyoisoma mimi. Nani kati yetu hajawahi kusema moyoni, nikiondoka mimi, hawa watashikwa na nini? Si kwamba tuna roho mbaya. Tunaogopa, na woga wetu una mapenzi ndani yake. Mwenyezi Mungu anaujua, wala hatukemei kwa ajili yake. Lakini wembe wetu unawakwangua, na nyundo yetu, hata tukiipiga taratibu, inawapasua.

Basi tupumue. Uliyompa mtoto miaka yote ile, kwa fimbo na kwa uji, kwa maneno na kwa kunyamaza, yamekwisha kuingia. Hayaondoki ukiondoka. Atakapofanya jambo jema mahali usipokuwapo, wanaokujua watakuona hapo.

Mtoto wako akija kukuaga, mpe mkono. Mwombee dua. Kisha uachie.