Ua la Fisi na Ua wa Kanga

Zamani hizo, Fisi akiwa bado na haya kidogo, jua liliwaka mpaka nyasi zikawa vumbi. Shamba la Kanga tu, kando ya chemchemi, ndilo lililobaki na majani mabichi. Hapo ndipo alipowalea vifaranga wake. Lakini shamba halikuwa na kizuizi, na kila jioni alipowaita walirudi pungufu. Kanga alijua wanakokwenda, maana Fisi alikuwa ananenepa katikati ya njaa. Akaenda kulia kwa Simba.

Simba hakupenda kusikiliza sana, wala kurudia neno lake. "Kila mwenye shamba apande ua," akanguruma. "Fisi asimamie." Fisi alikuwa hodari wa kumsifia manyoya yake.

Kesho yake Fisi akapiga hodi na miche ya asumini.

"Mama watoto, amri umeisikia. Panda ua. Hili linanukia vizuri."

"Mimi nilielewa ua wa kuzuia wezi," Kanga akasema, akiwafunika wanawe kwa mabawa.

"Mfalme alitaja miiba? Ua ni ua. Ukibisha, nenda kamwulize tena."

Nani angethubutu? Kanga alirudi ndani akiwa amekasirika, kisha akaenda kwa Sungura.

Sungura alicheka mpaka akakaa chini. "Anataka maua? Mpe maua. Tupande michongoma na mikunazi, tuibananishe."

"Ile ina miiba, kaka."

"Na inachanua vilevile. Waulize nyuki. Baadaye itazaa, na shore na tetere watakuja kula na kujenga viota. Wageni wa namna hiyo hawalipi kodi, ila mwizi akija watapiga kelele. Chini tuache vipenyo, Kobe apite, wanao wapite."

"Na Fisi je?"

"Fisi kichwa chake unakijua."

Mvua ziliponyesha wakapanda. Fisi alipokuja kukagua, miche ilikuwa mifupi na vijiua vyake vimechanua. Hakuinama kuitazama, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwa vifaranga. "Hayo ndiyo maua," akasema, akaondoka akilamba midomo.

Kiangazi kikarudi. Asubuhi moja Fisi akaja bila hodi, akakuta ua umeshikana, mrefu kumpita. Akazunguka, akaona kipenyo, akasukuma kichwa. Kichwa kikapita kwa taabu, mabega yakakwama. Akirudi nyuma miiba inamshika masikio, akienda mbele inamshika kiuno. Ndege wote wakalipuka kwa kelele, na Simba akaja akiwa na hasira ya kuamshwa.

"Nini hiki?"

"Ni ua, Mfalme," Fisi akalia. "Ua unaniua."

"Ua gani?" Sungura akauliza kwa upole. "Lile ulilolileta, au huu ulioukataa?"

Mwiba ukamkumbusha Fisi. "Huu," akasema.

"Kumbe Kiswahili unakijua," Simba akasema, akamvua usimamizi pale pale. "Jitoe mwenyewe."

Fisi alijitoa, lakini nusu ya manyoya yake ilibaki miibani, na shore wakafurahi kuyatandika viotani.

Jioni Kanga akawaita vifaranga wake. Wakaja wote.